ROBINE YA JIKONI IKIPIGA, ANGALIA NDANI YA UKUTA

Mama, je, robine ya jikoni imekwisha kukupiga? Siyo pigo kubwa. Unafungua maji, mikono imelowa, miguu haina viatu, na unasikia kama sisimizi wanapita katika vidole. Unaondoa mkono haraka, unasema: «Aa, ni kitu kidogo,» kisha unaendelea kuosha sahani. Kesho yake unasikia tena. Mtoto anakuja kuchota maji, naye analia. Hapo wengine huanza kumtazama jirani vibaya na kusema kwamba nyumba imerogwa. Hakuna aliyeroga kitu. Ni umeme uliopotea njia, na mara nyingi unatoka katika waya uliofichwa ndani ya ukuta, pahali ambapo macho hayafiki.

Waya unaoonekana ukiharibika, kila mtu anaona: ngozi yake imepasuka, shaba iko nje, na baba anawaambia watoto wasiguse. Waya wa ukutani hauna namna hiyo ya kutuonya. Lakini si kweli kwamba unanyamaza kabisa. Unasema kwa njia nyingine, na sherti watu wa nyumbani wajue maneno yake. Robine au sinki ya chuma ikipiga, hiyo ni dalili. Ukuta ukiwa na joto pahali ambapo hakuna jiko, ni dalili. Rangi ya ukuta ikigeuka kuwa ya kahawia karibu na prizi, au harufu ya plastiki inayoungua ikisikika wakati hakuna kitu kinachoungua, ni dalili mbaya. Taa ya jikoni ikicheza-cheza kila mara unapowasha resho, au plombo zikiungua siku za mvua tu, ujue kwamba ndani ya ukuta kuna neno.

Wakati mwingine kosa ni la chombo chenyewe: resho iliyozeeka, frigo, pasi. Kwa hiyo kwanza toa vyombo vyote katika prizi. Kama robine haipigi tena, chombo kimoja kina ugonjwa. Lakini usiguse robine kwa mkono ili kujaribu! Kazi hiyo ni ya kipimo, na tutaizungumzia chini.

Namna waya unavyoharibika

Nyumba nyingi za kambi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilijengwa wakati wa Union Minière, yaani kabla ya mwaka 1967. Katika nyumba za umri huo bado unaweza kukuta waya wa zamani, uliofunikwa kwa mpira na kitambaa. Mpira ukizeeka hukauka, hupasuka, kisha huanguka vipande-vipande kama ganda la karanga. Shaba inabaki uchi ndani ya tibu ya chuma, na tibu ile ikiguswa na shaba inakuwa na umeme toka mwanzo wake hata mwisho.

Tena, jiko la wakati ule lilikuwa na taa moja, labda na prizi moja. Leo tunataka waya uleule ubebe mzigo wa nyumba tatu. Tufanye hesabu kidogo. Resho ya sahani mbili yenye wati 2000, kwa umeme wa volti 220, inavuta karibu ampere 9. Birika la umeme la wati 2000 linavuta nyingine 9. Pasi ya wati 1000 inavuta 4 na nusu. Mama akipika bukari, akichemsha maji ya chai, na binti akipiga pasi nguo za shule palepale, waya unabeba ampere zaidi ya 22. Kama ni waya mwembamba wa milimeta 1,5 uliowekwa kwa ajili ya taa, hauwezi. Na ujue jambo hili: ukiongeza umeme mara mbili katika waya, joto lake haliongezeki mara mbili, linaongezeka mara nne. Ngozi ya waya inapikwa polepole kila siku, mpaka inakuwa ngumu na kuvunjika.

Kuna pia msumari. Baba anataka kutundika etajere ya sufuria, au kalenda ya mwaka mpya, anachukua nyundo na kupiga bila kuuliza ukuta una nini ndani. Msumari unagusa waya kidogo tu, unakwaruza ngozi yake. Siku hiyo hakuna kinachotokea. Ni wakati wa ukavu, ukuta ni mkavu, na ukuta mkavu haupitishi umeme sana. Inapita miezi mitano, sita. Kisha mvua za mwezi wa 11 zinaanza, maji yanapita chini ya malata, ukuta unakunywa, na kile kidonda cha zamani kinafunguka. Mama anapigwa mwezi wa 12 kwa sababu ya msumari wa mwezi wa 6, na hakuna anayekumbuka tena.

Kibaya kuliko vyote ni majiko yaliyoongezwa nyuma ya nyumba. Mwashi na fundi wa matabishi wanalaza waya moja kwa moja katika mota, bila tibu yoyote, wanapitisha lepe juu yake, rangi juu, kazi imekwisha. Unyevu wa sementi na mvuke wa sufuria vinakula waya huo kila siku. Ukiharibika, huwezi kuuvuta utoke; inafaa kuvunja ukuta.

Plombo hailindi mwili wako

Watu wengi wanafikiri: «Kama kungekuwa na hatari, plombo ingeungua.» Hilo ni kosa ambalo limeua watu. Plombo imewekwa ili kulinda waya usishike moto. Plombo ya ampere 16 inangoja mpaka umeme upite ampere 16 ndipo iungue. Na mwili wa mtu? Mtu anaanza kusikia umeme kwenye elfu moja ya ampere, inayoitwa miliampere. Zikifika karibu miliampere 10, misuli ya mkono inajikunja na mtu hawezi tena kuachilia kitu alichoshika. Zikifika 30 na kuendelea, pumzi inaweza kusimama, na moyo unaweza kuanza kutetemeka bila kusukuma damu. Mama aliyelowa mikono, asiye na viatu juu ya sementi yenye maji, anaweza kupitisha zaidi ya miliampere 100. Kwa plombo ya ampere 16 hicho si kitu. Mtu anakufa, na taa inaendelea kuwaka juu yake.

Ndiyo maana yule sisimizi wa leo katika vidole si wa kudharauliwa. Leo ulikuwa umevaa kandambili kavu na umeme ulipita kidogo. Kesho utakuwa miguu wazi, na mtoto mgongoni.

Kuna chombo kinacholinda mtu: dijonkteri difarensieli ya miliampere 30. Inapima umeme unaoingia na umeme unaorudi. Ikiona kwamba kidogo kimepotea njiani, inakata mara moja, kabla moyo haujapata shida. Bei yake si ndogo kwa mshahara wa mfanyakazi, lakini kama unataka kununua kitu kimoja kwa ajili ya umeme wa nyumbani, nunua hiki. Kina kitufe kidogo cha kujaribu. Ukibonyeze mara moja kwa mwezi. Na kikikata kila saa, usikasirike na kukifunga kwa kamba au kukiruka kwa waya. Kinakuambia kwamba umeme unatoka nje ya njia.

Hapa inafaa tuseme neno juu ya shaba. Sisi tunaitoa ardhini, tunaijua, haikosi kuonekana kipande katika nyumba. Plombo ikiungua usiku, baba anachukua uzi mnene wa shaba na kuuweka pahali pa plombo, na kila mtu anafurahi kwa sababu taa imerudi. Uzi ule hautaungua tena. Kitakachoungua ni waya wa ukutani, na juu ya waya kuna mbao za plafo. Plombo iliyoungua mara mbili katika juma moja haidai uzi mnene. Inadai fundi.

Umeme uliokatika si umeme uliofungwa

Baba, kule kazini unajua sheria. Hakuna anayeingia katika mashini, wala kugusa kamba ya umeme ya shimoni, kabla haijafungwa, kufuli halijawekwa, na kibao hakijatundikwa. Kila mmoja anayefanya kazi anaweka kufuli lake, na ufunguo unakaa naye. Hata shefu hawezi kuliondoa kwa hasira. Kwa nini mtu yuleyule, akifika nyumbani, anafungua prizi ya jikoni kwa kisu huku akisema: «Hakuna shida, umeme umekatika»?

Umeme wetu wa Katanga unatoka mbali: Lufira kule Mwadingusha, ambako mashini zilianza kuzunguka mwaka 1930, na Lualaba kule Nzilo (1952) na Nseke (1956). Unapokatwa mtaani, hakuna anayekupigia simu kukuambia utarudi saa ngapi. Unaweza kurudi kesho, unaweza kurudi wakati vidole vyako viko juu ya waya. Delestaji si kufuli. Tena inaleta hila nyingine: kwa kuwa taa zimezimika, mtu hawezi kujua kama dijonkteri yake iko wazi au imefungwa. Anafanya kazi saa nzima akifikiri yuko salama, kumbe usalama wake uko mikononi mwa mtu asiyemwona.

Basi fanya nyumbani kama kazini. Shusha dijonkteri kubwa iliyo karibu na kompteri. Toa plombo za jikoni, zote mbili kama ziko mbili, na uzitie mfukoni mwako. Siyo juu ya meza: mfukoni. Mtoto mkubwa anayetaka kutazama mpira hawezi kurudisha plombo iliyo mfukoni mwa baba yake. Andika juu ya karatasi «USIWASHE, MTU ANAFANYA KAZI» na uitundike pale. Waambie watu wote wa nyumba, hata wageni.

Kisha hakikisha. Nyumba nyingine zina umeme wa njia mbili: waya wa kompteri, na waya mwingine ulioletwa toka kwa jirani ili kupata taa siku ambazo upande wako ni giza. Ukishusha dijonkteri yako, ule wa jirani bado unaishi ukutani. Ndiyo sababu fundi wa kweli hupima kila mara: kwanza pahali penye umeme, ili ajue kipimo chake ni kizima, kisha pale anapotaka kufanya kazi. Turnevisi yenye taa ndogo inasaidia, lakini inaweza kudanganya. Kipimo cha volti chenye nyaya mbili ni bora.

Na usivunje chumba cha kompteri wala risasi zake zilizofungwa. Vilivyo kabla ya kompteri ni kazi ya SNEL.

Wakati wa kungoja fundi, mama atapika wapi? Juu ya mbabula, bila shaka. Lakini iwe nje au barazani. Mbabula ya makala ndani ya jiko lililofungwa, kwa kuwa mvua inanyesha, inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wanalala wasiamke. Tusitoroke simba na kukimbilia chui.

Mtu akikamatwa

Ukiingia jikoni na kumkuta mtu ameshika robine au waya na hawezi kuachilia, usimguse. Upendo unakusukuma kumvuta. Umeme utawakamata wote wawili. Kimbia kwenye dijonkteri na ukate. Kwa hiyo kila mtu wa nyumba, hata mtoto wa miaka 8, inafaa ajue dijonkteri iko wapi, na isifichwe nyuma ya kabati wala gunia la unga. Kama haiwezekani kukata, simama juu ya ubao mkavu na umsukume mtu kwa mti mkavu wa ufagio. Usitumie chuma, wala kitu kilicholowa.

Akiisha kuachiliwa, tazama kama anapumua. Kama hajibu na hapumui sawasawa, mtu mmoja akimbie kutafuta gari na muganga, na wewe uanze palepale. Mlaze chali juu ya kitu kigumu. Weka mikono yako miwili, mmoja juu ya mwingine, katikati ya kifua, na ukandamize kwa nguvu, kifua kishuke sentimeta 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hiyo ni haraka kuliko sekunde za saa. Ukijua kupuliza pumzi kinywani, puliza mara 2 baada ya kila mikandamizo 30. Kama hujui, endelea kukandamiza tu. Usichoke upesi. Umeme husimamisha moyo wa mtu mzima asiye na ugonjwa wowote, na moyo wa namna hiyo unaweza kurudi.

Usimnyweshe maziwa, usimzike mchangani, usimmwagie ndoo ya maji. Umeme haubaki mwilini ili uutoe. Ulipita, ukaacha madhara. Kama kuna kidonda cha moto, kitie chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila mafuta, bila dawa ya meno. Na aliyezimia hata kidogo, aliyeungua, mwenye maumivu ya kifua, au mwanamke mwenye mimba, aende lopitali hata akisema: «Nimepona.» Kidonda cha umeme kina mlango mdogo kwa nje na njia kubwa ndani.

Kama ukuta wenyewe unatoa moshi au moto, kata umeme kwanza. Usirushe maji juu ya ukuta ambao bado una umeme.

Kutafuta kidonda na kukitengeneza

Kazi hii ni ya fundi anayejua umeme. Lakini mwenye nyumba anaweza kumsaidia sana, na pia anaweza kujua kama fundi ni fundi au ni mtu wa maneno.

Kabla hajafika, toa vyombo vyote katika prizi, zima taa zote, kisha tazama kompteri. Kama kisahani bado kinazunguka, au taa ndogo ya kompteri ya kisasa bado inawaka na kuzimika, umeme unatoka pahali fulani bila ruhusa. Labda ni ukuta, labda ni jirani. Mwambie fundi hivyo. Mwambie pia plombo zinaungua siku gani, mvua au jua, na nani alipigilia msumari wapi. Usione haya. Neno moja la namna hiyo linaweza kuokoa nusu ya ukuta.

Fundi atafunga umeme, atatenganisha nyaya za jikoni katika sanduku la kuunganishia, na atazipima moja moja kwa mashini ya kupimia ngozi ya waya, ambayo inasukuma volti 500. Ngozi nzima itampa omu milioni 1 au zaidi. Iliyoharibika itampa kidogo sana. Hivyo anajua ni kipande gani kina ugonjwa, kati ya sanduku na prizi au kati ya sanduku na taa, bila kuvunja ovyo. Akifika tu na patasi na nyundo, bila kipimo, na bila kuuliza dijonkteri iko wapi, mpe maji ya kunywa na umwache aende zake.

Kipande kibaya kikijulikana, usimruhusu akikate katikati, asokote nyaya, azungushe skochi na kufukia tena kwa sementi. Kiungo kilichofukiwa ni ugonjwa mpya uliopandwa ukutani. Kila kiungo kikae ndani ya sanduku lenye kifuniko, kwa domino zilizokazwa vizuri, pahali ambapo mkono unaweza kufika. Waya wenyewe ubadilishwe wote, toka sanduku mpaka sanduku, ndani ya tibu: milimeta 2,5 kwa prizi, na resho kubwa iwe na waya wake peke yake. Wa zamani ukatwe pande zote mbili, usibaki na umeme hata kidogo. Kama pesa hazitoshi kuvunja ukuta, tibu ya plastiki ipite juu ya ukuta, ionekane. Wengine wanasema haipendezi. Ninaona ni nzuri sana, kwa sababu hakuna atakayeipigilia msumari.

Rangi za nyaya katika nyumba ya zamani usiziamini. Leo kijani na manjano pamoja ni waya wa udongo, lakini aliyefanya kazi miaka 50 iliyopita, au jana kwa haraka, alitumia rangi aliyokuwa nayo.

Mwulize pia fundi juu ya waya wa udongo. Zamani wengi waliufunga kwenye tibu ya maji. Tibu za chuma zilipooza, zikabadilishwa na za plastiki, na waya ule sasa haufiki udongoni: umefungwa kwenye kitu kisichopitisha umeme, wakati robine ya chuma bado inaweza kupokea umeme wa ukuta. Inafaa kigingi cha udongo kiwe chake, kiingie ndani sana ardhini, na kipimwe wakati wa ukavu, mwezi wa 8 au wa 9. Udongo uliolowa wa mwezi wa 1 hutoa jibu zuri ambalo si la mwaka mzima.

Kazi ikiisha, kabla ya kupaka lepe, chukua karatasi na uchore ukuta: dirisha hapa, sinki hapa, waya unapita hapa, sentimeta ngapi toka chini na ngapi toka kona. Andika tarehe na unene wa waya. Bandika karatasi hiyo ndani ya mlango wa kabati la jikoni, na siku ya kutundika kalenda mpya mama amwonyeshe baba karatasi kabla hajachukua nyundo.